Waya Iliyotufikisha Nyumbani

Wasee, wacha nianze na aibu yangu, halafu tuingie kwenye historia.

Miezi miwili iliyopita nilikuwa natoka Juja kwenda mjini na kale kagari kangu ka gia za mkono. Karibu na Githurai, msongamano ule wa kawaida, nikakanyaga klachi niingize gia ya kwanza. Mkono wa gia ukaanza kuzunguka kama mwiko kwenye uji. Mbele, nyuma, kushoto, kulia, hakuna kitu umeshika. Injini inanguruma vizuri tu, klachi iko sawa, lakini gari halijui nataka nini. Nyuma yangu matatu inapiga honi, makanga amening'inia mlangoni akiniambia, "Madam, si usonge!"

Vijana wawili wakanisukuma hadi pembeni, na mmoja akaenda kuniitia fundi. Akaja mzee wa miaka hamsini na kitu, akalaza katoni chini, akaingia uvunguni. Akatoka na swali moja: "Uko na patapata kwa gari?"

Nilikuwa nazo. Akachukua moja, akakata kipande cha kisigino kwa wembe wa msumeno, akakitoboa tundu, akarudi chini. Akaomba waya. Baada ya dakika kama kumi na tano gia zilikuwa zinaingia zote, hata rivasi. Nilipomlipa aliniangalia machoni akasema, "Dada, hii ni ya kukufikisha nyumbani. Kesho utafute bushi. Usinikalie nayo."

Nilikaa nayo wiki tano.

Siku ile nilipiga picha ya ile raba, nikaiweka mtandaoni nikiandika "Kenya si mchezo." Mtu mmoja akaniambia ndiyo maana hatuendelei, sisi kila kitu ni kufunga na waya. Mwingine akamjibu kwamba hiyo ndiyo akili yetu, mzungu angekwama pale mpaka kesho. Watu wakapenda majibu yote mawili. Mimi nimeyafikiria sana tangu siku hiyo, na naona wote wawili wamekosea. Ile waya ina historia. Ukiifuata nyuma hutapata uvivu, na hutapata kipaji cha ajabu tulichozaliwa nacho pia. Utapata watu waliojifunza mashine kwa kuishika, na spea ambayo haikuwepo dukani. Halafu utafika mahali ambapo ya kufika nyumbani iligeuka kuwa ya kila siku, na hapo ndipo damu ilipoanza kumwagika.

Kwanza tuelewane kinachokatika

Mkono wa gia unaoushika, kwenye magari mengi, haugusi giaboksi kabisa. Giaboksi iko mbali, na katikati kuna vyuma virefu au kebo zinazobeba ujumbe wa mkono wako. Ujumbe wenyewe una sehemu mbili. Ukisukuma mkono kando, unachagua mstari: wa kwanza na pili, au wa tatu na nne. Ukisukuma mbele au nyuma, unaingiza gia yenyewe.

Kila mahali chuma kimoja kinapokutana na kingine kuna kiungo, na mara nyingi ndani ya kiungo kuna bushi, kidude cha plastiki au raba ambacho huenda ni kidogo kuliko kifuniko cha soda. Kazi yake ni kushika vyuma viwili bila kuvibana. Joto, vumbi na mafuta huila polepole. Ikipungua milimita moja hapa, na nyingine kwenye kiungo kinachofuata, kule juu mkononi unaanza kutafuta gia ya tatu unaipata ya kwanza. Siku bushi inapovunjika, chuma kinachomoka, na mkono unabaki mwiko.

Kwa hivyo fundi anapoweka raba ya patapata pale, habahatishi. Anarudisha kitu kilichokuwepo, kitu laini kati ya vyuma viwili, kwa malighafi aliyo nayo. Waya ni ya kuzuia kiungo kisiachane. Na kama hana raba wala waya, yuko na mbinu ya mwisho: anaingia chini na koleo, anasukuma mkono mdogo ulio kwenye giaboksi yenyewe mpaka gia ya pili iingie, halafu anakuambia uende hivyo hivyo na ya pili mpaka ufike. Mtu wa kubahatisha hawezi kujua hiyo.

Umejifunza wapi?

Hilo ndilo swali nililomuuliza niliporudi kumtafuta. Akasema, "Kwa mzee mmoja, Grogan." Na huyo mzee? "Yeye alikuwa spana boi wa Kalasinga."

Hapo kwa sentensi mbili ukapata karibu miaka mia ya historia ya Nairobi.

Grogan ni Kirinyaga Road ya leo, kule chini karibu na Mto Nairobi. Zamani iliitwa Grogan Road, kwa jina la mlowezi Ewart Grogan. Mlowezi alishaondoka, barabara ikabadilishwa jina, lakini mafundi na wauza spea bado wanasema Grogan. Na Kalasinga ni Masikh. Kati ya 1896 na 1901, reli ilipojengwa kutoka Mombasa hadi Kisumu, Waingereza walileta zaidi ya wafanyakazi 30,000 kutoka India. Wengi walirudi kwao, wengine wakazikwa huku, na waliobaki pamoja na waliowafuata baadaye walikuwemo wahunzi, maseremala na mafundi wa mashine. Magari yalipoanza kuja, karakana nyingi zilikuwa zao.

Ndani ya karakana hizo Mwafrika aliingia kufagia, kuosha vyuma na kupitisha spana. Hakuna aliyempa kitabu. Aliona, akashika, akakosea, akapigiwa kelele, akajua. Kenneth King aliandika kitabu kizima kuhusu safari hii ya ujuzi, The African Artisan, mwaka 1977, akieleza jinsi ufundi ulivyotoka kwenye karakana za Wahindi ukaingia kwa mafundi wa Kiafrika wa kando ya barabara. Wengine walijifunza jeshini, wakiendesha na kutengeneza malori ya Waingereza wakati wa Vita vya Pili vya Dunia.

Na walijifunza kwa magari yapi? Moja ni Volkswagen Beetle. Hii gari ilishinda mashindano ya Safari ya kwanza kabisa, mwaka 1953, ikashinda tena 1954, 1957 na 1962, kwa hivyo ilikuwa inajulikana huku. Sasa, Beetle ina injini na giaboksi nyuma, na mkono wa gia uko mbele. Kinachoviunganisha ni chuma kimoja kirefu kinachopita ndani ya mfereji katikati ya sakafu mpaka chini ya kiti cha nyuma. Pale kuna kiungo chenye raba na skrubu ya kichwa cha mraba. Skrubu hiyo ikilegea, chuma kinateleza na gari linabaki kwenye gia moja.

Unajua Wajerumani waliizuia vipi isilegee? Kwa waya. Kiwandani kabisa, walipitisha waya kwenye kichwa cha skrubu wakaifunga. Kwa hivyo yule msee aliyesema kufunga na waya ni ushamba, aende akaangalie chini ya kiti cha nyuma cha Beetle. Swali la maana ni nani ameifunga, wapi, na ni ya muda gani.

Kuna mfano mwingine napenda. Joginder Singh, mtoto wa fundi wa magari, mzaliwa wa Kericho, alishinda Safari mwaka 1965 na ndugu yake Jaswant kwa Volvo ambayo wengine walikuwa wameshaikimbiza mwaka uliotangulia. Gari la mtumba, wasee. Lakini alikuwa makanika kabla ya kuwa bingwa, na gari la mtumba mkononi mwa mtu anayelijua kila nati ni kitu kingine.

Spea ikawa karatasi

Sasa tuje miaka ya 1970, manake hapa ndipo mambo yalibadilika.

Mwaka 1973 yalitokea mambo mawili. Mzee Kenyatta alitangaza kwamba matatu zinaweza kubeba abiria bila zile leseni za mabasi. Kabla ya hapo zilikuwa za kujificha. Jina lenyewe linatokana na nauli ya zile senti kumi tatu. Mwaka huo huo bei ya mafuta ikalipuka duniani. Kwa hivyo magari ya zamani yakaongezeka barabarani wakati ule ule pesa za kigeni zinaanza kuwa ngumu.

Serikali ikabana uagizaji. Kuleta kitu kutoka nje kulihitaji leseni na kibali cha pesa za kigeni. Viwanda vya kuunganisha magari vilifunguliwa Thika, Nairobi na Mombasa, magari yakija vipande vipande kwenye makreti, na hiyo ilileta kazi. Lakini kibushi cha gia nacho kilitoka nje. Kitu cha shilingi chache kilisubiri kibali na meli kama injini nzima.

Na gari lenyewe lilikuwa gani? Mara nyingi Peugeot. Ile 404 ilishinda Safari mara nne, 1963, 1966, 1967 na 1968, na ikapendwa na watu wa masafa na wa pikapu zilizojengewa bodi nyuma zikawa matatu. Gia zake ziko kwenye usukani: mkono mrefu kando ya gurudumu, na chini yake vyuma vinavyoteremka hadi kwenye giaboksi, kiungo baada ya kiungo. Vumbi la barabara zetu likiingia hapo kila siku, na abiria wamejazana, na dereva anabadilisha gia kila kona, hizo bushi zingedumu vipi?

Basi fundi akafanya alichoweza. Raba ya tyubu iliyokatwa na kuviringwa. Kipande cha mpira wa rejeta. Msumari uliopindwa badala ya pini. Mahali palipolika sana akajaza kwa kuchomelea, akapiga tupa. Halafu wenye lethi wakaanza kuchonga bushi zao wenyewe, za shaba na baadaye za nailoni, na hizo nyingine zilidumu kuliko zile za kiwandani.

Mwaka 1972 wataalamu wa Shirika la Kazi Duniani waliandika ripoti kuhusu Kenya, wakaiambia dunia kwamba hawa watu wa kandokando wanafanya kazi ya maana wala si wazururaji. Pamoja na hayo, mabanda yaliendelea kubomolewa. Mwaka 1985 Rais Moi alifika Kamukunji akaahidi kuwajengea mafundi vibanda. Miaka ile neno jua kali likaingia kwenye hotuba na baadaye kwenye karatasi za serikali. Fikiria hiyo: jina la kukosa paa likawa jina la sekta nzima.

Babu

Sasa wacha niseme kilichofanya nisicheke tena na ile picha yangu.

Nilimwonyesha babu yangu. Babu alikuwa dereva wa gari la abiria, Nakuru na Nairobi, miaka ya 1980. Aliiangalia ile simu muda mrefu, akaniuliza, "Umeitoa?" Nikamwambia bado, babu, inafanya kazi vizuri. Akaweka simu mezani.

Nilijua babu aliacha kuendesha gari. Sikuwahi kujua sababu. Akaniambia gari lilikuwa la tajiri fulani, na gia zilikuwa kwenye usukani. Kiungo cha chini kiliisha, fundi akafunga kwa raba na waya, akamwambia airudishe baada ya siku mbili aweke bushi ya kuchonga. Siku mbili zikafika. Babu akamwambia tajiri. Tajiri akasema sawa, lakini hesabu ya siku iko pale pale. Kama gari likilala gereji, hesabu ya siku hiyo babu aitoe mfukoni mwake. Babu alikuwa na watoto wanne shuleni. Akasema wacha niende leo, nitapeleka kesho.

Alisema kesho kwa miezi mitatu.

Siku hiyo walikuwa wanateremka Mai Mahiu. Mtu akiteremka pale anashuka na gia nzito ili injini imsaidie kushika gari, kwa sababu ukitegemea breki peke yake zinapata moto na kulegea. Babu akatoa ya tatu aingize ya pili. Ya tatu ilitoka. Ya pili haikuingia. Mkono ukawa mwiko. Gari likawa halina gia kwenye mteremko, watu wamejaa, bonde liko upande mmoja. Breki zikaanza kunuka. Babu akalipeleka gari ukutani, upande wa mlima, likajikwaruza mpaka likasimama. Hakuna aliyekufa. Mama mmoja alivunjika mfupa wa bega, na babu bado anamkumbuka kwa nguo aliyovaa.

Tajiri alimfuta siku hiyo hiyo. Watu walisema ni fundi mbaya, kazi ya jua kali. Babu akaniambia, "Yule fundi aliniambia siku mbili. Mimi ndiye nilikaa nayo."

Mimi namheshimu babu, lakini sikubali abebe hiyo peke yake. Fundi alifanya kazi yake na akasema ukweli. Dereva alijua. Aliyeamua kwamba waya idumu miezi mitatu ni hesabu ya kila jioni. Na hiyo hesabu mpaka leo iko kwenye matatu, uliza dereva yeyote.

Spea zimejaa, waya bado ipo

Utasema hiyo ni zamani. Miaka ya mwanzo ya 1990 uagizaji ukafunguliwa. Magari ya mtumba ya Japani yakamiminika, na spea za mtumba nazo, zile tunaita eksi Japani. Kirinyaga Road leo unaweza kupata karibu kila kitu. Mwaka 1984 sheria ya trafiki ilirekebishwa, matatu zikaanza kutakiwa kukaguliwa. Mwaka 2004 zikaja sheria za Michuki: mikanda, vidhibiti mwendo, mstari wa manjano. Hizo ziliokoa watu, sitabishana na mtu.

Lakini ukaguzi ni siku moja kwa mwaka, na waya hufungwa siku yoyote. Halafu spea yenyewe imebadilika. Magari mengi ya gia za mkono siku hizi yanatumia kebo, na kile kibushi cha mwisho wa kebo mara nyingi hakiuzwi peke yake. Unaambiwa nunua kebo nzima. Kwa hivyo msee wa kawaida, na gari lake la kutafutia unga, anachagua kati ya kebo ya maelfu na kamba ya plastiki ya shilingi ishirini. Miaka ya 1980 ilikuwa kibali cha serikali, leo ni bei ya kampuni. Yule aliye chini ya gari amelala kwenye katoni ile ile.

Na kuna kitu kingine kinaniuma. Magari ya kujibadilishia gia yenyewe yamejaa, na watu wa umri wangu wengi hawajawahi kushika klachi tangu siku ya mtihani wa leseni. Fundi wangu anasema vijana wanaokuja kwake wanataka kujifunza mashine ya kusoma kompyuta ya gari, na hawakosei, hapo ndipo pesa iko. Lakini ule ujuzi wa kusikia kwa vidole ni kiungo gani kimelegea uko kichwani mwa wazee ambao hakuna aliyewaandika. Tuna orodha ya kila mshindi wa Safari tangu 1953. Jina la spana boi wa kwanza aliyeweka raba ya tyubu kwenye kiungo cha Peugeot hatuna.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu. Tusicheke waya, na tusiiabudu. Waya ni kazi nzuri ikifanya ile kazi fundi alisema itafanya. Mtu akikuambia ni ya kufika nyumbani, ukifika nyumbani imekwisha. Na wewe mwenye gari la biashara, ukimwambia dereva hesabu iko pale pale hata gari likilala gereji, jua kwamba wewe ndiye umefunga hiyo waya. Kama kuna sheria ningependa bunge liandike, ni ya kumlinda dereva anayekataa kutoa gari bovu.

Wiki iliyofuata baada ya kuongea na babu nilienda Kariobangi, Light Industries. Kijana wa lethi alipima kiungo, akachukua fimbo ya nailoni nyeupe, akanichongea bushi nikiwa nimesimama hapo. Haikuchukua nusu saa na haikunimaliza pesa. Yule mzee wa Githurai ndiye aliyeiweka. Alipotoa kile kipande cha patapata kilikuwa kimeliwa upande mmoja, kimebaki chembamba kama kucha.

Akanionyesha, hakusema kitu. Nikamuuliza jina la yule mzee wake wa Grogan, na la Kalasinga wa yule mzee. La kwanza alilikumbuka. La pili alifikiria sana, akatikisa kichwa.

Nenda kamuulize fundi wako leo nani alimfundisha. Uandike.